Mkate wa kumimina usiokaa kitako

Ramadhani ikibaki wiki moja, simu yangu huanza kulia. Wifi yangu wa Tanga, mtoto wa ami aliye Muscat, binti wa mama mdogo aliyeolewa Toronto, wote wana swali moja: "Mbona mkate wangu umekaa kitako?" Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Safari hii naandika, na atakayeuliza tena nitamtumia hii asome.

Mkate tunaouzungumzia ni ule wa mchele, tui, hamira na iliki. Unguja tunauita mkate wa kumimina kwa sababu haukandwi, unamiminwa. Wengine pwani wanauita mkate wa sinia, wengine mkate wa mchele. Hauna unga wa ngano, na hapo ndipo matatizo yote yanapoanzia. Ngano ina mnato unaoyashika mapovu ya hamira hata ukiusahau unga mezani nusu saa zaidi. Mchele hauna. Mapovu yake yanashikwa na uzito wa rojo na ute wa yai, basi. Rojo likiwa jepesi mapovu yanatoroka. Ukilichelewesha kwenda motoni linajishusha lenyewe. Nadharia imeishia hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu kikombe

Mapishi haya ni ya shangazi yangu, na yeye hapimi kwa mizani. Anapima kwa kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, mkono wake umebanduka rangi. "Vikombe viwili vya mchele," anasema, nasi miaka yote tukaandika vikombe viwili. Mtoto wa ami kule Muscat akatumia kikombe cha kupimia cha dukani, lakini hamira akaweka vijiko vile vile vya shangazi. Rojo likapanda, likamwagika, likafuata mguu wa meza mpaka sakafuni, na ule uliobaki ndani ukatoka unanuka togwa. Nilipokwenda kukipima kile kikombe cha bati kwa maji, kilikula mililita 350. Cha dukani ni 250.

Kwa hiyo vipimo vya hapa chini ni vya kikombe cha mililita 250. Ukiwa na kikombe chako cha nyumbani, kitumie kwa mchele na tui bila wasiwasi, maana hivyo vinakwenda kwa uwiano, lakini kumbuka kuipunguza au kuiongeza na hamira.

Andaa hivi kabla hujawasha moto

- Mchele vikombe 2, mkavu. Basmati ndiyo inayonipa mkate mwepesi. Mchele mpya, au ule unaoshikana sana ukipikwa, huutia mkate unato. Kama ndio ulio nao, punguza tui kidogo.
- Tui zito kikombe 1, na robo kikombe pembeni ya kuongezea. Nazi kubwa moja iliyokomaa, au mbili ndogo, zinatosha. La kopo linafaa: litikise kwanza, na likiwa zito kama malai, changanya sehemu tatu za tui na moja ya maji.
- Hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, cha kusawazisha, si cha kilima.
- Sukari robo tatu ya kikombe. Kwetu hatupendi mtamu sana. Wenye kupenda wafikishe kikombe kizima, wasipite hapo.
- Ute wa yai 1. Kiini usikitupe, kitafaa kwenye mayai ya asubuhi.
- Iliki punje 8 hadi 10, ukazitwange mwenyewe. Iliki ya unga iliyokaa kabatini tangu Idi iliyopita ni vumbi tu.
- Chumvi, mfinyo mmoja.
- Mafuta au samli kijiko 1 cha kulia, ya kupaka sufuria.
- Mashine ya kusagia, bakuli lenye kina, na sufuria nzito ya upana wa sentimita 20 hivi. Sufuria nyembamba ya bati itaunguza chini kabla juu hapajajua kama kuna moto.
- Moto wa juu: ama oveni, ama mfuniko wa bati ulio bapa usio na kifundo cha plastiki, utakaobeba makaa.

Hatua kwa hatua

1. Loweka mchele usiku. Uchague, uoshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, kisha uloweke kwa maji mengi. Ukiloweka saa tatu usiku, asubuhi saa mbili uko tayari. Mwenye haraka asiuloweke chini ya muda wa saa nne. Punje iliyolowa vizuri ukiibana kwa kucha inavunjika bila ubishi. Kwenye joto la Dar au Mombasa, usiuache kutwa nzima kwenye maji yale yale. Utaanza kuchacha kabla hamira haijaingia.

2. Chuja mpaka maji yaishe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Mchele uliolowekwa tayari umeshakunywa maji ya kutosha. Ukiuingiza kwenye mashine unachuruzika, umeshaongeza robo kikombe ya maji ambayo hakuna aliyekuambia uiweke. Uache kwenye chujio dakika kumi nzima, utikise mara mbili tatu.

3. Kamua tui. Kuna nazi, tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja, finyanga, kamua kwa kifumbu au chujio. Unataka tui la kwanza. La pili weka kwa mchuzi wa futari, huku halina kazi. Tui liwe vuguvugu, ukitumbukiza kidole usisikie kama linachoma wala kama ni la baridi. Tui la moto linaiua hamira papo hapo, na hamira iliyokufa haifufuki kwa dua.

4. Saga. Tia mchele, tui kikombe kimoja na iliki. Saga dakika mbili, pumzisha mashine, saga tena. Mashine zetu za nyumbani hupata moto, na rojo hupata moto pamoja nazo. Ndiyo maana hamira mimi naiweka mwisho, baada ya kushika jagi kwa kiganja nikaona halijapata joto. Ukiona mashine inashindwa kuzunguka, ongeza tui kijiko kimoja kimoja kutoka kwenye ile robo ya pembeni. Si lazima iishe.

Chukua tone, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chenga, hata ndogo kama mchanga wa ufukweni, endelea kusaga. Chenga ndizo zinazozama chini ya sufuria na kutengeneza lile tabaka gumu kama sabuni.

5. Pima uzito wa rojo. Chota kwa upawa, mimina kutoka juu. Linatakiwa lishuke kama utepe usiokatika, na utepe ule ukae juu ya rojo kwa kitambo kidogo kabla ya kuzama. Likishuka kama maziwa, umezidisha tui: ongeza kijiko kimoja au viwili vya unga wa mchele. Shangazi hutia unga wa ngano kijiko kimoja na kukana kwamba ametia.

6. Tia hamira, chumvi, ute wa yai na sukari kijiko kimoja tu. Zungusha mashine sekunde kumi vichanganyike. Sukari nyingine yote isubiri. Sukari nyingi mwanzoni huichelewesha hamira, tena ikiyeyuka hulilegeza rojo.

7. Acha liumuke, na usiangalie saa. Mimina kwenye bakuli lenye kina au jagi la kuonekana ndani, funga mpira wa noti nje pale rojo lilipofikia, funika kwa kitambaa. Sasa uangalie mpira, usiangalie ukuta. Likikaribia mara mbili ya lilivyokuwa, juu limejaa vipovu vidogo, na ukitega sikio unasikia linanong'ona, limekuwa tayari.

Unguja mchana wa joto nimeona likiwa tayari kwa dakika arobaini. Muscat, chumba chenye kiyoyozi, ndugu zangu wanasubiri saa moja na nusu. Toronto wakati wa theluji ni kuliweka ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwa inawaka. Ndiyo maana "saa moja" iliyoandikwa kwenye kila karatasi ya mapishi haina maana yoyote.

Ukiona katikati pameanza kubonyea kama godoro la zamani, umechelewa. Soma chini, kwenye "Umeharibika? Tafuta dalili yako".

8. Tayarisha moto likiwa bado linaumuka. Nasisitiza: likiwa *bado* linaumuka. Mkate huu haungoji mkaa ushike. Oveni iwe imefika nyuzi 180 za Selsiasi. Kwa mkaa, subiri makaa yote yavae majivu meupe; makaa yenye ndimi za moto yataunguza. Jiko la mkaa liwe uani au penye dirisha wazi, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Hewa ya mkaa inaua.

9. Koroga sukari taratibu. Imwage yote, uzungushe mwiko polepole kutoka chini kwenda juu mpaka usikie haikwaruzi tena. Rojo litashuka kidogo, usishtuke. Liache dakika kumi linyanyuke tena kidogo. Usilipige kama unayepiga mayai ya kimanda: kila pigo unatoa mapovu uliyoyangoja saa nzima.

10. Sufuria iwe ya moto. Pasha mafuta, yazungushe mpaka yapande kwenye kuta, kisha punguza moto uwe mdogo kabisa. Mimina rojo kwa mkupuo mmoja. Usikie "chaaa" ndogo, ukingo ushike mara moja. Ukimimina kwenye sufuria baridi, mkate utanata, na hutautoa mzima. Usijaze zaidi ya nusu ya kina cha sufuria.

11. Moto wa chini kwanza, wa juu baadaye. Acha bila kufunika kwa dakika nane hadi kumi, moto mdogo. Utaona vishimo vikianza pembeni na kuelekea katikati, kama mchanga ambao kaa wametoboa maji yakikupwa. Vishimo vikishafika karibu na katikati huku juu bado pana umajimaji, fanya mojawapo ya haya:

- *Mwenye mkaa:* ondoa makaa chini, yabaki manne au matano tu yaliyotawanyika. Funika kwa mfuniko wa bati, palia makaa yaliyobaki juu yake. Kanuni ya shangazi ni "chini machache, juu mengi". Dakika ishirini hadi ishirini na tano.
- *Mwenye oveni:* ingiza sufuria (hakikisha mkono wake si wa plastiki), rafu ya katikati, dakika ishirini na tano hadi thelathini. Ikiwa juu bado ni peupe, washa moto wa juu dakika mbili tatu za mwisho, na usiondoke hapo. Hizo ndizo dakika mbili ambazo watu hupokea simu.
- *Mwenye gesi peke yake:* weka chuma cha chapati juu ya moto, sufuria juu ya chuma. Funga mfuniko kwa kitambaa kikavu, ncha zake zifungwe juu mbali na moto, ili mvuke usidondokee mkate. Ukishaiva pande zote, upindue kwenye sahani na uurudishe upate rangi. Hautakuwa sawa na wa makaa, lakini wageni watakula.

Usifungue mfuniko kuchungulia kabla ya dakika kumi na tano. Najua hamu ilivyo.

12. Jaribu, kisha subiri. Choma katikati kwa kijiti cha mshikaki. Kitoke kikavu au na chembe mbili tatu, si na ute. Ukingo utakuwa umeachana na sufuria, na juu pana rangi ya samli iliyokaangiwa kitunguu. Epua, pitisha kisu pembeni, lakini usikate mpaka ipite robo saa. Mchele wa moto unanata kwenye kisu, na mkate uliokatwa wa moto unaonekana mbichi hata kama umeiva. Nusu ya wanaonipigia kuniambia "ndani haukuiva" walikuwa na haraka tu.

Mambo ambayo kila mwaka nayakemea

Kuzidisha hamira ili liumuke haraka. Litaumuka haraka kweli, na mkate utanuka hamira mpaka kwenye kikombe cha chai. Ukiwa na haraka tafuta pahala penye joto, usiongeze hamira.

Kuongeza vipimo mara mbili na kuvitia vyote kwenye sufuria moja. Mkate mnene kupita sentimita sita au saba hauivi katikati bila kuungua pembeni. Pika miwili. Rojo la pili liweke kwenye friji wakati la kwanza likiwa motoni, lisije likapitiliza.

Kuweka maziwa badala ya tui. Unaweza, na utapata keki ya mchele isiyo na kosa lolote, ila usiniite mezani ukaniambia ni mkate wa kumimina.

Na wale wa arki ya vanila, rangi ya njano, zabibu kavu juu: zabibu nakubali, zikitiwa baada ya juu kuanza kushika, la sivyo zinazama. Vanila inaiua iliki. Rangi siisemi.

Umeharibika? Tafuta dalili yako

*Rojo halikuumuka kabisa.* Hamira imekufa au imepitwa na wakati. Ijaribu kabla ya kulaumu kitu kingine: kijiko kimoja kwenye nusu kikombe ya maji ya vuguvugu na sukari kidogo. Isipotoa povu ndani ya dakika kumi, itupe. Rojo lenyewe usilimwage. Koroga hamira mpya kwa tui vijiko viwili, changanya, anza kusubiri upya.

*Limepitiliza, katikati pamebonyea.* Likiwa halijachacha, ongeza unga wa mchele kijiko kimoja na ute wa yai la pili uliopigwa kidogo, koroga taratibu, subiri dakika kumi na tano, peleka motoni. Likishanuka uchachu, lichome kwenye kikaango kama vibibi, vile vichapati vidogo vya mchele, watoto hawatauliza maswali.

*Uliinuka motoni, ukashuka ulipoepuliwa.* Ama rojo lilikuwa jepesi, ama ulifungua mfuniko mapema, ama katikati hapakuwa pameiva. Jaribu kwa kijiti wakati ujao kabla ya kuepua.

*Chini pana tabaka gumu jeupe, juu pana sponji.* Chenga. Rudi hatua ya nne. Kama ulisaga vizuri, basi hukukoroga chini wakati wa kutia sukari, na mchele ulikuwa umetuama.

*Vishimo havikutokea.* Moto wa chini ulikuwa mkali ukashika haraka, au sufuria ilikuwa ya baridi, au uliufunika mapema mno. Vishimo vinahitaji zile dakika nane za kuachwa wazi.

*Chini umeungua, juu mbichi.* Sufuria nyembamba au makaa mengi chini. Mwenye gesi, tumia chuma chini ya sufuria kila mara.

*Umenata.* Mafuta hayakuwa ya moto, au unautoa mapema. Weka sufuria juu ya kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika mbili, kisha pitisha kisu. Mara nyingi unaachia.

*Unanata mdomoni kama ugali wa muhogo.* Mchele wa kushikana, au tui limezidi. Badilisha mchele kabla ya kubadilisha kitu kingine.

*Ladha ya mayai.* Kiini kiliingia, au uliweka mayai mawili ukidhani unausaidia.

Ukibaki

Kwetu haubaki, ila mgeni akighairi. Ufunike kwa kitambaa, utakaa mezani mpaka kesho yake. Tui haliruhusu zaidi ya hapo kwenye joto letu. Kwenye friji unakaa siku tatu, lakini unakuwa mkavu kama kipande cha mbao. Usiuweke kwenye maikrowevu peke yake. Kata kipande, kipake samli kidogo sana upande mmoja, kilaze kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ufunike dakika mbili. Ule upande wa samli ukianza kunukia iliki upya, mimina chai.